Mti wa Bunduki ya Bwana Miluzi

Njuki fundi alikuwa mtu wa haraka. Watu wa Kanja walimjua hivyo tangu alipotoka karakana ya misheni akiwa kijana, randa begani: mlango akiuanza asubuhi, jioni unafungwa komeo. Walikuwa wakisema, ukimpelekea Njuki mbao usikae kitako, utakuta kitanda kinakungoja. Ndiyo maana ni ajabu kwamba kazi ambayo wanawake wa Kibugu walimkumbukia ni ile aliyoifanya polepole kuliko zote maishani mwake, siku kumi na tisa mtu mzima kaukumbatia mti mmoja ambao hata mlango wa banda la kuku usingeutosha.

Ilikuwa mwaka wa hamsini na tano, Emanjensi, ile hali ya hatari ya serikali ya kikoloni, imekolea. Nyumba yake ya Kanja ilikuwa imechomwa pamoja na nyingine zote za mteremko ule, na watu wakasukumwa kwenye vijiji vya kuzungushiwa miti yenye ncha. Yeye na mkewe Peninah walipelekwa Kibugu, chini kabisa ya msitu wa mlima, kwa sababu kituo cha pale, posti ya Homugadi, askari wenyeji wa serikali, kilihitaji seremala. Mwana wao wa pekee, Ndwiga, alikuwa Manyani kizuizini, mwaka wa pili ule bila barua. Njuki mwenyewe alikuwa ameshachujwa, yaani kuhojiwa kwa kipigo, miezi mitatu, akatoka na sikio la kushoto lisilosikia tena. Ukitaka kuzungumza naye ulihamia kuliani kwake.

Yeye alitengeneza minara ya walinzi, daraja la kuinuliwa, na majeneza. Peninah alichimba handaki.

Handaki lile lilipita ukingoni mwa msitu, ili wapiganaji wa msituni wasifike vijijini, refu mpaka macho yanachoka kulifuata. Lilikuwa pana kiasi kwamba mtu asingeweza kuliruka, na kina chake kilimmeza mwanamke na mwenzake amesimama mabegani mwake. Chini yake walipanda mianzi iliyochongwa. Waliolichimba ni wanawake, kwani wanaume wengi walikuwa kizuizini au msituni au udongoni. Kengele ililia kabla ukungu haujainuka, wakatoka kwa mistari, na kila mmoja akapimiwa kwa fimbo sehemu yake ya siku. Waliiita kipimo. Kipimo kisipokwisha, hakuna kurudi nyumbani.

Miezi minane ya kipimo ilikuwa imemkunja Peninah. Alikuwa na kikohozi kikavu, na asubuhi alilazimika kwanza kupiga magoti, kisha kushika nguzo, ndipo asimame. Njuki alimtazama akifanya hivyo kila siku. Walikuwa wamechoka mpaka kwenye maneno.

Siku moja hedimani Njoka, mkuu wa kijiji aliyewekwa na serikali, alimwita Njuki kwenye baraza ya posti. Njoka alikuwa wa rika lake, walitahiriwa msimu mmoja, lakini sasa alikuwa na koti la kaki na filimbi shingoni, na Njuki alijizoeza kusimama mbele yake kama mbele ya mgeni. Kando ya hedimani alikuwa amekaa mzungu ambaye watu walimwita Bwana Miluzi, kwa sababu hakuwa akitembea bila kupiga mluzi. Kabla ya vita alikuwa mwindaji wa nyati. Sasa alikuwa ofisa wa polisi ya akiba, lakini bunduki ilikuwa ile ile ya nyati.

Ilikuwa mezani, imevuliwa vyuma vyote. Mtutu, komeo na kila kinacholia vilifungiwa ndani. Kilichobaki pale kilikuwa mti mtupu.

"Wewe fundi?" aliuliza Bwana Miluzi. "Hii mbao yangu iko kwisha kabisa. Miezi sita iko ndani ya mvua. Mimi nataka yeye mzuri kama mpya. Weza?"

Njuki aliuinua. Ulikuwa mti wa ng'ambo, asioujua jina, mwekundu wa kahawia kwa ndani lakini umechakaa vibaya. Vanishi ilikuwa imepasuka kama matope ya kiangazi. Pale panaposhikwa na mkono palikuwa peusi kwa jasho. Kitako kilijaa mabonyeo, na shingoni palikuwa na ufa mwembamba uliojificha kwenye mistari ya mti.

"Naweza, Bwana," alisema. Halafu, kwa kuwa alijua hatapata nafasi nyingine ya kuulizwa kama anaweza jambo, akaongeza: "Ila nina ombi, Bwana. Naomba mke wangu apumzike handaki, siku zote nikiwa na kazi hii. Ni mgonjwa."

Njoka alimkazia macho. Mzungu akacheka. "Sawa, sawa. Bibi yako lala. Lakini mbao hii haitoki hapa posti. Kutoka mlangoni, mimi nafunga wewe."

Hakuwa anatania. Miezi ile mtu alinyongwa kwa risasi moja iliyokutwa mfukoni. Kwa hiyo Njuki alifanyia kazi kwenye baraza ile ile, juu ya sanduku, mlinzi akiwa hatua tano tu kutoka kwake.

Asubuhi iliyofuata kengele ililia, na Peninah akaanza kupiga magoti kama kawaida. Njuki akamwekea mkono begani.

"Lala," alimwambia. "Leo si yako."

"Ni ya nani?"

"Lala tu, Mama Ndwiga."

Alilala siku mbili na nusu. Aliamka kunywa uji, akalala tena na kikombe kingali mkononi.

Siku ya kwanza ya kazi Njuki aliifanya kwa mwendo wake wa siku zote, kwani mkono una mazoea yake. Alivunja chupa ya soda, akachagua kipande chenye ukingo mzuri, akaanza kukwangua vanishi ya zamani. Ilitoka kama unga wa rangi ya asali. Kufikia mchana alikuwa amemaliza upande mzima. Ndipo ilipomjia, kipande cha chupa kikiwa hewani: akiendelea hivi, kazi hii ni ya siku tano. Siku tano, na Peninah anarudi handakini.

Alikiweka chini kile kipande. Akaenda kunywa maji. Akarudi, akakaa, akautazama mti.

Kuanzia hapo alijifunza upole wa kazi kama mtu anayejifunza lugha ya watu wengine. Mabonyeo aliyainua moja moja: anaweka kitambaa kibichi juu ya bonyeo, anagusisha pasi ya makaa, mvuke unaingia, nyuzi za mti zinavimba na kurudi mahali pake. Fundi mwingine angeyakwangua yote kwa mara moja. Ufa wa shingoni aliujaza gundi ya ngozi, akaufunga kwa mpira wa baiskeli, akatangaza kwamba lazima ukae siku tatu. Siku tatu kweli, hakusema uongo. Kisha akaulowesha mti wote kwa maji ili manyoya yake, zile nyuzi ndogo za juu, yasimame, ukakauka, akapiga msasa. Akaulowesha tena, akapiga tena. Mara ya tatu. Pale mti unapokutana na chuma hakugusa kwa msasa, alitumia kidole na majivu, maana ukipunguza hata unywele, chuma kitasimama juu ya mti na kila atakayeshika atajua kazi ilifanywa na mjinga.

Jambo la kushangaza ni kwamba mti ulishukuru. Mistari iliyokuwa imezama kwenye uchafu ilianza kutokeza, myeusi kwa myekundu, ikipinda kama maji yanapozunguka jiwe. Njuki, aliyeishi kwa haraka miaka yote, aliona kwamba hajawahi kuufanyia mti wowote haki yake. Na huu wa kwanza ulikuwa mti wa bunduki. Alijua bunduki ile iliacha kuwinda nyati lini, na sasa inawinda nini. Lakini kila alipoelekea kuwaza hilo sana, alimfikiria mkewe kalala, akashika msasa.

Mafuta ya kitani hayakupatikana Embu. Yaliagizwa Meru, kwa Mahamed, Msomali mwenye lori aliyekuwa na kibali cha kupeleka vyakula kwenye maposti. Mahamed alifika siku ya saba, akashusha magunia ya unga, kisha akaja barazani kumsalimu fundi. Aliutazama mti, akamtazama Njuki, akahamia upande wa sikio lake zima.

"Mafuta yako yako garini," alisema taratibu. "Nimeyatoa duka la pale Gakoromone. Unayataka leo?"

Njuki aliendelea kupiga msasa. "Mke wangu amelala wiki nzima," alisema. "Hakohoi tena usiku."

Mahamed alijipangusa vumbi la barabara usoni. "Wallahi, nimeyasahau Meru," alisema kwa sauti ya kumfikia mlinzi. "Nitayaleta Alhamisi."

Alhamisi ilikuwa siku tatu mbele.

Mafuta yalipofika, Njuki aliyapaka kwa kiganja, matone machache, akisugua mpaka kiganja kinaungua. Mkono mmoja wa mafuta kwa siku, si zaidi, kwani mafuta hayapakwi juu ya mafuta mabichi, na kwenye baridi ile ya Kibugu yalikauka kwa shida. Siku ya kumi na nne mti ulikuwa tayari. Hakuna fundi ambaye angeweza kusema vinginevyo. Ulikuwa na mwanga wa ndani, ule usiong'aa kama kioo bali kama ngozi ya ng'ombe aliyenona.

Njuki aliukalisha mapajani. Mlinzi alikuwa ameenda kuota moto. Alichovya kitambaa kwenye mafuta ya taa, akausugua. Kazi ya siku nne ikamfifia mikononi. Hakuwahi kuharibu kazi nzuri kwa makusudi, na alijisikia kama mtu aliyempiga mnyama wake mwenyewe. Alipoinua kichwa, hedimani Njoka alikuwa amesimama kwenye kona ya baraza.

Alimtazama fundi, akatazama kile kitambaa, akaondoka.

Njuki alingoja kukamatwa jioni ile, na kesho yake. Hakuna aliyekuja.

Kilichokuja kilitoka upande mwingine. Jirani yao kijijini alikuwa mjane aitwaye Rwamba, mama wa watoto watatu, aliyechimba kundi moja na Peninah. Siku ya kumi na sita walimrudisha akibebwa. Alikuwa ameanguka handakini, si kwenye mianzi, Mungu alimwepusha, bali kwenye udongo aliokuwa akiupakua. Peninah, ambaye sasa aliweza kusimama bila nguzo, alimpelekea uji.

Alimkuta kalala, viganja vimefungwa matambara. Peninah alipoyafungua ili aoshe, ngozi ilikuja na tambara.

"Umefanya nini, Rwamba? Kipimo ni kile kile."

Rwamba alikuwa amechoka mno hata kuficha. "Si kile kile. Ulipotolewa, hawakukiondoa chako. Walitugawia sisi wanne." Alifumba macho. "Kipimo chako hakikupumzika, Peninah. Uliyepumzika ni wewe."

"Mbona hukuniambia? Wiki mbili zote tumepita hapa mlangoni tukisalimiana!"

"Ningekuambia nini? Ulikuwa unakohoa usiku kucha, au umesahau? Tulisema, acha alale kidogo, halafu na mwingine naye apate kulala." Akafumbua macho. "Lakini imekuwa siku nyingi."

Njuki alipoingia nyumbani alimkuta mkewe kakaa gizani bila moto. Peninah akamweleza yote kwa maneno machache, kwenye sikio lake la kulia. Kwa siku zote zile Njuki alijidhania anaiba kwa Bwana Miluzi.

"Sikujua," alisema.

"Najua hukujua. Kesho nitaenda."

"Bado kidogo tu. Kifua chako—"

"Baba Ndwiga," Peninah alimkatiza, bila hasira. "Nimelala. Kulala kwenyewe nimekuonja, ni kutamu. Sasa maliza ile kazi."

Kengele ilipolia alitoka na wenzake. Siku moja tu ilitosha: kukicha alirudi kwenye nguzo ile ile.

Njuki alimaliza. Hakuongeza ujanja wala kupunguza ubora. Alipaka mkono wa mwisho wa mafuta siku ya kumi na nane, na siku ya kumi na tisa akaupangusa kwa kitambaa cha sufu, akamwita hedimani.

Bwana Miluzi alipouona aliacha mluzi wake katikati. Aliupitisha kiganjani, akautia begani bila mtutu, akautoa, akautazama tena kwenye mwanga. Akatafuta ufa wa shingoni, asiuone.

"Hii kazi mzuri sana," alisema. "Nairobi hapana weza hii. Iko rafiki yangu, yeye ana bunduki mbili namna hii. Wewe nafanya?"

"Nitafanya, Bwana."

"Bibi yako lala tena, eh?"

Njuki alikuwa ameyapanga maneno tangu alfajiri, lakini Kiswahili chake na cha mzungu vilipitana kama watu wasiojuana. "Si bibi yangu, Bwana. Kipimo. Naomba kipimo cha mama mmoja aliyeanguka kiondolewe kabisa. Kisigawiwe wenzake. Kifutwe, kiwe hakipo."

Bwana Miluzi alikunja uso. "Nini hii? Kipimo nini? Njoka, huyu nasema nini?"

Hapo Njuki alijua maisha yake yako mdomoni mwa Njoka. Neno moja la kitambaa cha mafuta ya taa lingetosha kumrudisha kuchujwa, na safari hii asingerudi na sikio hata moja.

Njoka alikohoa. "Anasema, Bwana, ile kazi ya handaki, kundi moja wamebaki wanne na wanafanya ya watano. Mmoja ameshaanguka. Wakianguka wote, handaki litasimama. Anaomba wapimiwe kwa hesabu ya watu waliopo, siku zote akiwa na bunduki za rafiki yako."

Mzungu alifikiri, mkono wake ukiwa bado unapapasa mti. "Sawa. Bunduki mbili tu. Kwisha, nyinyi narudi zamani." Akaingia ndani, mluzi ukaanza tena.

Wale wawili walibaki barazani. Njuki hakujua amshukuru vipi mtu aliyesimama na koti lile.

"Niliona ulipoufuta," Njoka alisema, akitazama msituni.

"Najua uliona."

"Usinifanyie tena hivyo. Nikiulizwa siku nyingine nitasema." Alijishika uso kwa viganja vyote viwili, akausugua kama mtu aliyetoka usingizini. "Hata mimi nimechoka, Njuki. Usidhani ni nyinyi tu."

Njuki hakuwa na huruma ya kumpa, wala hakuwa na nguvu ya kumchukia. Aliokota vipande vyake vya chupa, akavitupa.

Bunduki za yule rafiki zilichukua siku ishirini na mbili, halali, kila siku ikiwa na kazi yake. Siku hizo Rwamba alikaa nyumbani na watoto wake, viganja vikashika ngozi, na hakuna aliyemchimbia sehemu yake. Kisha mambo yakarudi zamani, kama alivyosema mzungu. Mvua za mwisho wa mwaka zilibomoa kuta za handaki, wanawake wakalichimba upya. Peninah alikuwa nao mpaka lilipokwisha, na mgongo wake haukunyooka tena kabisa. Kikohozi kilikwenda na kurudi kadiri ya baridi.

Bwana Miluzi alihamishwa. Bunduki yake ilikwenda naye, nzuri kama alivyoitaka. Ilifanya nini baadaye, Njuki hakuuliza. Aliwahi kumwambia Peninah kwamba ile ndiyo kazi bora aliyowahi kuifanya, na kwamba angefurahi kusikia imeungua. Akasema yote mawili kwa pumzi moja, akaendelea kula.

Ndwiga alirudi kutoka Manyani mwaka wa hamsini na saba, mwembamba, mpole kupita alivyokuwa. Waliporuhusiwa kurudi Kanja, walikuta shamba limemezwa na magugu, na pale nyumba ilipokuwa migomba michache ilikuwa imejiotea. Rwamba alifuatana nao siku hiyo kuwasaidia kubeba, yeye na wanawe.

Njuki alikusudia kusimika nguzo nne kabla ya jua kuwa kali. Alichimba shimo la kwanza mpaka magotini, akaketi juu ya mzigo wa nyasi za kuezekea avute pumzi, na usingizi ukamkamata pale pale, kofia mkononi. Ndwiga alitaka kumwamsha. Peninah akakataa. Alitandika shuka lake kando ya ule mzigo akakaa, Rwamba akaja akakaa upande wa pili, na hakuna aliyechukua jembe mpaka jua likageuka.